Fungu la Kushoto

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe 28 Mei 2071, saa nne na robo asubuhi. Naitaja kwa ukamilifu kwa sababu wenzetu wa Hazina ya Mbegu wana tarehe nyingi kwenye makabati yao, na katika hizo zote hakuna hata moja inayosema kwamba siku hiyo mke wangu alikufa.

Sechelela alikuwa amekaa kwenye kigoda chake uani, lundo la masuke ya mtama mbele yake, amevaa glavu zao. Glavu nyembamba kama ganda la kitunguu, za kijivu, zenye nyuzi zinazong'aa kwenye kila kifundo cha kidole. Utepe wa namna hiyo hiyo ulimzunguka kichwa, juu ya kitambaa. Ulikuwa msimu wa tatu anavivaa. Walisema glavu zinajifunza. Mimi nilikaa kushoto kwake kwenye gogo, mahali pangu pa miaka thelathini na moja.

Alikuwa anachagua mbegu. Nyie mnaonunua unga dukani mnadhani mbegu inajichagua yenyewe. Sechelela aliinua suke, akalipima uzito mkononi kama mtu anayepima mtoto aliyetoka kuugua. Akalisugua kwa dole gumba, akapuliza, akachomoa punje moja na kuitia kwenye meno ya mbele, akaibana, akasikiliza. Kisha suke likaenda kulia, kwenye sanduku la Hazina, au likabaki mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ukijaa, aliunyoosha kwangu bila kutazama. Nilipokea fungu, naye akanigonga kiganjani mara mbili kwa ncha za vidole. Maana yake: basi, kaweke. Hajawahi kuniambia maana yake. Miaka thelathini na moja, jamani, unaelewa tu.

Fundi wa Hazina alikuwa amechuchumaa na kioo chake cha kuandikia. Akauliza, "Mama, hizi za kushoto tuziandikeje?"

"Za pombe hizo, mwanangu," Sechelela akamjibu. "Hazina roho."

Fundi akaandika: makapi. Mke wangu akanisukuma kwa goti, nikakohoa ili nisicheke. Kwa sababu za kushoto ndizo zilizokuwa mbegu. Za kulia zilikuwa mtama mzuri tu, wa kuliwa, wa kupendeza machoni. Usiku wa kwanza glavu zilipoletwa alikuwa ameniambia, "Ndahani, Serikali ina meno mengi, itatafuna chochote. Sisi tuna jiko moja."

Saa nne na robo akasema, "Macho yangu yameingia maji," akainama mbele kama anayetafuta punje iliyodondoka. Hakuinuka.

Gari la Hazina lilikuwa pale pale uani, hatua kumi. Tukambeba, mimi na fundi na dereva, tukamlaza nyuma pembeni ya sanduku. Gari halikuondoka. Taa nyekundu ikawaka, sauti ya kike yenye adabu ikasema kuna uzito usioandikwa kwenye orodha ya safari, tafadhali uondolewe.

"Mwambie ni mtu," nikamwambia dereva.

"Baba, gari hili haliniulizi mimi kitu. Mpaka Dodoma waruhusu."

Wakapiga Dodoma. Dodoma wakasema watapiga. Sauti ya kike ikarudia, tafadhali uondolewe, kwa sababu mbegu ilitakiwa iwe kwenye ubaridi kabla ya saa sita kupita. Tukamshusha. Gari likaondoka na sanduku, dereva ameshika kichwa, maana hata usukani haukuwa wake. Sisi tukamweka Sechelela kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yangu Mlewa. Zahanati ni kilomita kumi na tisa. Tulipofika kwenye korongo la mchanga, ng'ombe wakasita, nikamgeukia nimwambie avumilie. Hakukuwa na wa kumwambia.

Kesho yake walikuja watu wawili. Nilidhani wamekuja kutupa pole. Walikuja kuchukua glavu.

*

Kwetu mwanamke akifa, mbegu zake zinazoning'inia juu ya mafiga hazibaki. Moshi wa mtu mwingine hauzihifadhi. Binti anachukua fungu moja, la kwenda kuanzia kwake. Zilizosalia zinatwangwa na kupikwa siku ya kumaliza matanga, watu wote wanakula, ili marehemu asije akarudi kuzitafuta. Ndivyo alivyofanyiwa mama yangu, na mama yake.

Binti yetu Nyemo alikuwa kazini Kigoma. Basi lilimharibikia njiani, siku ya kumaliza matanga ilipofika hakuwa amefika. Mama Mbaigwa, ambaye ni mke wa Mlewa, alinifuata nje.

"Shemeji, tungoje. Mtoto hajachukua lake."

"Tungoje nini? Mwenzenu aliyengojeshwa yuko wapi?"

"Basi nimtolee mimi, nimwekee kwenye kibuyu."

"Teremsha zote," nikasema. "Twanga zote. Hazina wakija hapa wasikute hata punje moja ya mke wangu."

Hicho ndicho nilichokuwa nacho kifuani, sitawaficha. Hasira ilinifanya nione kila mbegu kama sanduku lile ndani ya gari. Wanawake walitazamana, wakateremsha. Ugali ulikuwa mwekundu kama matofali, tukala na mlenda. Nilikula sana. Nilikula kama mtu anayefuta ushahidi.

Nyemo aliingia siku ya pili yake, vumbi mpaka kwenye kope. Alipita moja kwa moja jikoni. Nilimkuta amesimama anatazama juu, miti ya dari imekuwa myeusi kwa moshi, kamba zinaning'inia tupu.

"Baba, hata punje?"

"Hazina wana magunia."

"Hazina wana za kulia, baba."

Alikuwa anajua. Mama yake alimwambia.

Kijiji kizima cha Chisegu kilikuwa kinachukua mbegu kwa Sechelela. Mwaka uliofuata wakachukua za Hazina, za pakiti, zenye picha ya suke nono. Misimu miwili zilistawi, wakanicheka kwa hasira yangu dhidi ya Hazina. Kisha mvua zikakata mwezi wa kwanza, mwaka mmoja, na wa pili, na mtama wa pakiti ukakauka umesimama, majani yakiwa bado ya kijani, kama mtu aliyekufa macho wazi. Mtama wetu ulikuwa na tabia yake. Jua likizidi ulijikunja, ukalala wiki tatu, ukangoja. Kizazi kizima kimeula hapa na hakuna aliyewahi kuupa jina. Tuliuita mtama.

Na cheti cha kifo sikupewa. Nilikwenda ofisini mara ya kwanza, karani akanigeuzia kioo nione mwenyewe. "Mzee, mke wako anaonekana yuko kazini." Nikamwambia yuko kaburini, njoo nikuonyeshe. Akacheka kwa huruma. "Mfumo unasema mchaguaji namba ishirini na saba, hai, msimu unaendelea. Siwezi kumfisha mtu ambaye anafanya kazi." Nimekwenda pale miaka mitano. Wamebadilisha makarani watatu, na kicheko ni kile kile.

*

Agosti mwaka huu wa 2076 ndipo Hazina wenyewe waliponiita. Nyemo akanisindikiza. Siku hizi anaishi nami, na watoto wake wawili ambao wanakula uji wa msaada, wa njano, unaonuka mfuko.

Hazina iko ndani ya kilima, na njia yake ni ya kuteremka. Mlangoni kuna fremu inayosoma mwili mzima, kuingia na kutoka. Punje moja ikiwa kwenye pindo la nguo yako, fremu inajua ni ya nani. Tulipokelewa na mkuu wa kitengo cha wachaguaji, Daktari Kokubanza, mwanamke mrefu, Mhaya, mwenye sauti ya upole. Sauti za upole za watu wa Serikali mimi nimezizoea.

"Mbukwenyi," akatuamkia kwa lugha yetu. Alikuwa amejifunza. Nyemo akamwitikia, mimi nikaketi.

"Mzee Ndahani, pole kwa mengi."

"Umechelewa miaka mitano, lakini nimepokea."

Kisha akaanza kunieleza, na nitasema haki yake, alieleza vizuri. Mbegu iliyowekwa kwenye barafu inabaki ilivyokuwa, wakati mbingu zinabadilika. Ukiitoa baada ya miaka ishirini ni mgeni katika shamba lake. Kwa hiyo lazima ipandwe kila mwaka na ichaguliwe kila mwaka. Walijaribu kuchagua kwa macho ya mashine. Mashine ikapenda masuke makubwa. Misimu mitatu tu mtama ukawa mzuri na mjinga.

"Tukagundua kwamba nusu ya mbegu iko mkononi mwa anayeichagua," akasema. "Ndiyo maana tukaja kwa mama, na wenzake thelathini na tisa nchi nzima."

"Mkachukua mikono."

"Tulichukua mwendo wa mikono, mzee."

Akanisogezea karatasi. Nyemo akainama anisomee, maana mimi darasa la nne niliishia mlangoni. Juu kabisa palikuwa na neno la Kizungu.

"Hili ni nini?"

"Landrace," Nyemo akasoma. "Sheria inaita hivyo mtama wetu, baba."

"Limetoka wapi?"

Daktari akafurahi kidogo, kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Kaskazini ya Ulaya. Kwa watu wa Denmark, na Wajerumani. Maana yake ni kama uzao wa nchi, wa ardhi ya pale. Waingereza wakalichukua. Kwao lilijulikana sana kwa nguruwe fulani wa Denmark, baadaye likaenea kwa wanyama wengine na mimea."

"Kwa hiyo mke wangu mmemwandika chini ya nguruwe."

"Baba," Nyemo akaninong'oneza.

"Mwache aseme," Daktari akasema. Nadhani alitaka kutabasamu, akaona uso wangu, akaacha.

"Umesema uzao wa ardhi ya pale. Pale wapi?"

"Pale ilipo."

"Mkishauondoa pale ulipo, mkauleta chini ya kilima, unaitwaje?"

Alirudi kwenye karatasi. Sheria, akasema, iliandikwa na watu waliolipenda sana neno hilo. Mbegu ni ya mahali pake na ya mikono ya watu wake. Maadamu mchaguaji anachagua, kaya yake ina haki ya kupata fungu lake kila msimu, na kulipanda, ingawa sisi hatukuwahi kuambiwa. Mchaguaji akifariki, mbegu inapewa namba na kuwa ya taifa, na mikono ya mashine iliyofundishwa na glavu zake inazimwa. Miaka mitano ikitimia mrithi lazima athibitishe. Chini kulikuwa na mstari mmoja, na viboksi viwili. Mchaguaji wa mbegu hii: yu hai. Amefariki.

"Ukiweka alama kwenye 'hai'," akasema Daktari, "leo leo mnaondoka na mbegu. Fremu itawaruhusu. Na kila mwaka hivyo hivyo, mikono ikiendelea."

"Na nikisema ukweli?"

"Tutaizima mikono jioni hii. Cheti cha kifo utakipata mlangoni unapotoka." Akashusha sauti. "Ila ujue jambo moja. Mtama wenyewe hauendi vizuri. Kila msimu unapungua. Mikono inafanya kila kitu kama mama alivyofanya, tumepima mpaka pumzi, na bado unapungua. Ikizimwa sasa, kitakachobaki kwenye barafu ni mtama dhaifu. Hatujui tunakosea wapi."

Mimi na Nyemo hatukutazamana.

"Nataka kumwona," nikasema.

*

Chumba kilikuwa na kioo upande mmoja na taa nyeupe kama ya hospitali. Katikati palikuwa na kigoda. Kigoda cha mti, kama chake. Walisema bila kigoda mikono ilikuwa inakosea kimo. Juu ya kigoda hapakuwa na mtu. Mikono miwili ya kijivu ilitoka kwenye mhimili mwembamba, mahali ambapo mabega yangekuwa, na mbele yake lundo la masuke.

Ilikuwa inafanya kazi.

Iliinua suke, ikalipima. Ikalisugua kwa dole gumba. Kidole kidogo cha kulia kilikuwa kimekunjwa ndani, kwa sababu Sechelela alikivunja kwenye mchi tukiwa na mwaka mmoja wa ndoa, na hakikunyooka tena. Chuma hakina sababu ya kukunja kidole. Kilikuwa kimekunjwa.

Upepo mdogo ukatoka kwenye mhimili, kwa pumzi zake, mbili fupi na moja ndefu. Mkono ukachomoa punje, ukaipeleka juu, mahali ambapo mdomo ungekuwa. Ukangoja pale. Kisha vidole vikafunguka, na punje ikadondoka sakafuni. Chini ya mahali pale palikuwa na kichuguu kidogo cha punje, na kila moja ilikuwa imepelekwa kwenye meno ambayo mimi nimeyafukia.

Nyemo alishika mkono wangu.

"Zile za chini mnazifanyaje?" nikauliza.

"Zinafagiwa. Hizo na makapi, tunachoma."

Nilikuwa nimeshajua nitakachokiona, nilikuwa naomba tu nisikione. Suke moja kulia, kwenye sanduku. Moja kulia. Moja likabaki kushoto. Mkono wa kushoto ukajaa, ukanyooka pembeni. Ukakaa hewani, umeshika fungu, wala hautetemeki. Nilihesabu mpaka tisa. Vidole vikafunguka, fungu likaanguka kwenye chombo cha takataka.

Mtu akikupa kitu ukakosa kukipokea mara moja, anakuuliza una nini leo. Ule mkono ulikuwa umenyooshwa miaka mitano.

"Nifungulie," nikasema.

"Mzee, si salama, ina nguvu za—"

"Daktari, huko ndani kuna mtu mmoja tu anayejua mahali pangu. Nifungulie."

Sijui kwa nini alifungua. Nikaingia, nikakaa sakafuni upande wa kushoto, hakukuwa na gogo. Kulikuwa kunanuka mafuta ya mashine, na chini ya mafuta, mtama. Mkono ukajaa, ukanyooka. Nikaweka kiganja changu.

Fungu likatua. Vidole vikasikia kwamba uzito umepokelewa. Haikuwahi kutokea tangu iwashwe, Daktari aliniambia baadaye, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kinafuata. Vidole vya chuma vikarudi, baridi, vikanigonga kiganjani. Mara mbili.

Nilitoka na fungu kifuani. Nyemo alichukua suke moja, akalipima, akachomoa punje akaitia kwenye meno. Alikuwa hajawahi kuchagua mbegu maishani mwake. Uso wake ukabadilika.

"Baba, ndio huu. Huu ndio wenyewe."

Akajiziba mdomo, lakini Daktari alikuwa amesikia. Alitazama fungu, akatazama chombo cha takataka ndani ya kioo, akatazama sanduku la kulia. Nikaona miaka mitano inampita usoni. Wasomi wote wale, mizani zote zile, na walikuwa wamefundisha mashine uongo wa mwanamke mmoja aliyeficha chakula cha mtoto wake, kisha wakachoma ukweli kila Ijumaa.

"Alitudanganya," akasema polepole.

"Aliwajua," nikasema.

Kalamu ilikuwa mezani. Nyemo akanivuta pembeni, akanisemesha kwa Kigogo, machozi yanamtoka lakini sauti imara. "Weka 'hai', baba. Nakuomba. Mvua za Novemba hazitungoji. Nitakuja kukaa kushoto kwake kila msimu mpaka mikono yangu ijue. Wewe ulinipikia fungu langu. Nilinyamaza. Sasa nalitaka."

"Na yeye? Tutamwacha humu anapeleka punje kwenye mdomo ambao haupo? Tulikula mbegu zake ili asirudi kuzitafuta, Nyemo. Hajarudi. Hawajamruhusu kuondoka."

"Basi muulize mama."

Nilikuja kule na jibu. Miaka mitano nimelibeba mpaka mlangoni mwa kila ofisi: amefariki, andikeni, amefariki. Nilipoishika kalamu, kiganja changu kilikuwa bado baridi mahali pawili. Jibu sikuwa nalo tena.

Nikaigeuza karatasi, nikaisukuma kwa Daktari Kokubanza.

"Mimi nilimzika. Niliweka udongo wa kwanza kwa mkono huu. Nikija kwenu mnaniambia yuko kazini. Leo mnataka mimi ndiye niseme, ili kesho iwe neno langu na siyo lenu. Hapana. Jaza wewe. Wewe ndiye uliyesoma, wewe ndiye uliyemshika."

Daktari alichukua kalamu. Aliishusha mpaka karibu na karatasi, ikakaa hapo, juu ya viboksi viwili, haijagusa hiki wala kile. Nyemo alikuwa amelikumbatia fungu kama mtoto mchanga. Nyuma ya kioo mkono wa kushoto ulikuwa umejaa tena, umenyooka kuelekea mahali nilipokuwa nimekaa, unangoja.

Nikamuuliza, na barua tatu nimeshaandikiwa na Nyemo kuuliza tena, na hakuna mkubwa aliyejibu: Daktari, yule pale anayeningoja nipokee, ni nani?